Vidonge vya wasiwasi haviachwi kwa siku moja

Msiba umekwisha. Maturubai yameshushwa, viti vya kukodi vimerudishwa, wageni wamepanda mabasi, na mjane hajapata usingizi usiku wa nne mfululizo. Shemeji yake anampeleka zahanati. Daktari anamsikiliza dakika chache, anamwandikia vidonge vidogo vya kumeza usiku, na kweli usiku huo mama analala. Wiki ya pili analala. Mwezi wa tatu bado anameza, ila sasa ananunua mwenyewe kwenye duka la dawa ambako muuzaji wameshazoeana. Mwezi wa nane anasikia redioni kwamba vidonge vile vinalevya na kumfanya mtu mraibu. Anashtuka, anaona aibu, na jioni ile ile anavimwaga chooni.

Siku chache baadaye mikono inatetemeka. Moyo unamwenda mbio akiwa ameketi tu. Usingizi hauji kabisa, jasho linamtoka, na mlio wa sufuria jikoni unamkera kama mtu anayegonga bati karibu na sikio lake. Pale nyumbani kuna maelezo matatu: amekuwa teja, amerogwa, au majonzi yamempanda kichwani. Mama mwenyewe anaamini hilo la tatu, kwa hiyo anaona bila vidonge hawezi kuishi.

Mama huyu ni wa mfano, lakini aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa atamtambua. Kilichompata kina sababu inayoeleweka na kina njia ya kutokea. Ila kwanza inabidi tutenganishe maneno ambayo watu huyachanganya, kwa sababu kuyachanganya ndiko kulikomfanya amwage vidonge chooni.

Ni vidonge gani hasa?

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Kila mtu huupata kabla ya mtihani, mtoto anapochelewa kurudi, au siku ya kodi. Unakuwa ugonjwa unapokaa miezi, unapomzuia mtu kulala, kula, kufanya kazi au kutoka nje, au unapompanda ghafla kwa nguvu hadi akadhani moyo unasimama.

Dawa zinazotumika kutuliza hali hiyo ni za aina nyingi. Makala haya yanahusu familia moja tu, iitwayo benzodiazepini. Maarufu kuliko zote ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la Valium. Ndugu zake ni lorazepamu, klonazepamu na alprazolamu. Ukitaka kuitambua familia hii, soma jina la kitaalamu lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi: mara nyingi huishia na "pam" au "lam".

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mtaani "dawa ya wasiwasi" au "dawa ya usingizi" inaweza kuwa kitu chochote. Inaweza kuwa amitriptilini, ambayo ni dawa ya sonona inayosinzisha. Inaweza kuwa Piriton, ambayo ni dawa ya mzio. Inaweza kuwa propranololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo. Hizo si benzodiazepini. Baadhi yake nazo hazipaswi kukatwa ghafla, lakini sababu zake ni nyingine na kupunguzwa kwake ni kwingine. Kabla hujafuata ushauri wowote, ukiwemo wangu, hakikisha unajua umeshika nini mkononi.

Familia hii ilianza kwa bahati. Mwanakemia Leo Sternbach, aliyehamia Marekani mwaka 1941, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Roche jimboni New Jersey. Mwaka 1957, katika kusafisha maabara, msaidizi wake aliona kemikali iliyokuwa imewekwa kando bila kupimwa. Walipoipima wakakuta inatuliza wanyama bila kuwalaza fofofo. Ikaingia sokoni mwaka 1960 kwa jina la Librium, na mwaka 1963 ikafuata Valium. Madaktari walifurahi kwa sababu ya kweli: dawa za kutuliza zilizokuwepo kabla, barbiturati, ziliweza kuua mtu aliyezidisha kidogo tu. Hii mpya ilionekana salama. Mwaka 1978 pekee Wamarekani walimeza takriban vidonge bilioni 2.3 vya Valium.

Lakini wagonjwa walikuwa wanasema kitu ambacho hakikuandikwa kwenye boksi: kwamba wakijaribu kuacha, wanaumwa. Ilichukua miaka mingi kusikilizwa. Mwaka 1979 suala hilo lilifika mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Edward Kennedy. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaambia madaktari wasiandike dawa hizi kwa zaidi ya wiki mbili hadi nne. Na Septemba 2020, yaani miaka 60 baada ya ile ya kwanza kuingia sokoni, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo rasmi ya kila dawa ya familia hii yawe na onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu utegemezi na madhara ya kuacha ghafla. Kwa hiyo kama wewe hukuambiwa ulipoandikiwa, usijilaumu kwamba hukuuliza. Dunia nzima ilichelewa kuuliza.

Breki na mafuta

Ubongo, kama gari, una kanyagio la mafuta na kanyagio la breki. Zipo kemikali zinazouchochea uende kasi: uwe macho, uogope, ukimbie. Na ipo nyingine, iitwayo gaba, inayouambia upoe. Benzodiazepini haziongezi gaba. Zinafanya gaba iliyopo ikamate kwa nguvu zaidi, kama mtu wa pili aliyeweka mguu wake juu ya wako kwenye breki.

Ndiyo maana dawa hizi zinafanya kazi haraka, na ndiyo maana hospitali haiwezi kukosa diazepamu. Mtu mwenye kifafa kisichokoma, mtoto mwenye degedege, mgonjwa wa pepopunda ambaye misuli imekaza kama ubao, wote hao breki hiyo inaweza kuwaokoa. Shirika la Afya Duniani limeiweka diazepamu kwenye orodha ya dawa muhimu, na ni haki yake. Sina ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ni na miezi minane.

Kwa sababu ubongo haukai ukaburuzwa. Ukiona kila siku breki imekanyagwa kuliko inavyotakiwa, nao unajirekebisha: unapunguza usikivu wake kwa gaba, na unaongeza mafuta ili gari liendelee kutembea. Marekebisho haya huchukua wiki kadhaa, na mtu hayahisi. Anachohisi ni kwamba kidonge kile kile kilichokuwa kikimlaza hadi alfajiri sasa kinamwamsha usiku wa manane. Hayo ndiyo mazoea ya mwili. Wengine huongeza kidonge cha pili hapo, na ubongo nao huongeza mafuta tena.

Sasa fikiria mguu ule wa pili umeondolewa ghafla. Breki imelegea, mafuta yamekanyagwa, na gari liko kwenye mteremko. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, hofu isiyo na sababu, masikio na macho kukereka kwa sauti na mwanga mdogo: hilo ni gari linalokimbia. Likikimbia kupita kiasi, umeme wa ubongo unavurugika na mtu anaanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Wapo wanaochanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Na wapo waliokufa. Kuacha kwa siku moja, jambo ambalo kila mtu angelisifu kama ujasiri, ndilo hatari kubwa kuliko yote.

Utegemezi si uraibu

Hapa ndipo maneno yanapoumiza watu. Utegemezi wa mwili maana yake ni kwamba mwili umejipanga kwa kutarajia dawa, na dawa ikikosekana unalalamika. Humpata yeyote anayemeza kila siku kwa muda wa kutosha: mchungaji, shehe, mwalimu, bibi wa miaka sabini. Hauna uhusiano na tabia.

Uraibu ni kitu kingine. Mraibu anaitafuta dawa kwa hamu isiyozuilika, anaitumia ili alewe, anaongeza bila mpaka, anaendelea ingawa anaona inavunja ndoa, kazi na afya. Mtu anaweza kuwa tegemezi bila kuwa mraibu hata siku moja. Mama yetu wa mfano hakuwahi kufurahia kile kidonge. Alikuwa analala tu.

Mkanganyiko una chanzo chake. Vidonge hivi hivi vina maisha ya pili mtaani. Katika pwani ya Kenya vijana wanaijua "bugizi", jina la mtaani la Rohypnol, ambayo ni ya familia hii hii. Miongoni mwa dawa zinazotumiwa na wezi wa "mchele" kwenye baa, wanaomtilia mtu dawa kwenye kinywaji ili wamwibie, zimo hizi. Na wanaotumia heroini huchanganya na Valium, mchanganyiko unaoweza kusimamisha pumzi. Tangu mwaka 1984 familia hii imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa Umoja wa Mataifa, na kwetu ni dawa ya cheti cha daktari. Kwa hiyo mjane akisikia redioni "dawa za kulevya", anajiona yuko kundi moja na kijana anayelala chini ya daraja. Anaona aibu, anaficha, haendi kwa daktari, anaacha kimyakimya usiku. (Na yule kijana wa chini ya daraja naye anastahili tiba, si matusi. Hilo ni la siku nyingine, lakini siwezi kulipita bila kulisema.)

Hata hivyo vijana wa mtaani wana neno moja ambalo madaktari wetu wangelikopa: arosto. Ndivyo wanavyoyaita mateso ya kukosa dawa ambayo mwili umeizoea. Ni neno zuri kwa sababu linasema wazi kwamba mateso yale ni ya kukosa, si ugonjwa mpya. Alichokipata mama yule siku chache baada ya kumwaga vidonge kilikuwa arosto.

Ni arosto, au wasiwasi umerudi?

Swali hili ndilo linalowarudisha wengi kwenye vidonge, na jibu lake linahitaji uvumilivu. Dalili nyingi zinafanana. Lakini tazama kalenda. Dawa zinazotoka mwilini haraka, kama alprazolamu na lorazepamu, arosto yake huanza ndani ya siku moja au mbili. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, na mabaki yake yanayofanya kazi hukaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo dalili zinaweza kuchelewa hadi wiki. Wasiwasi wa asili hauna ratiba ya namna hiyo. Halafu tazama dalili ambazo hukuwa nazo kabla hujaanza dawa: ladha ya chuma mdomoni, ganzi na vichomi vidoleni, misuli kurukaruka, ngozi kuwasha, sakafu kuhisi inayumba. Wasiwasi uliokupeleka zahanati haukuwa na hayo. Ni mwili unaojipanga upya.

Dalili pia huja kama mawimbi. Siku tatu mbaya, siku moja nyepesi, siku mbili mbaya. Ile siku nyepesi inatokea mapema na watu hawaipi uzito, nami naona ndiyo ishara ya kuishikilia: inakuonyesha kwamba mashine bado inajua kupoa yenyewe.

Kuna jambo jingine wanaotumia alprazolamu hulipata bila kulielewa. Wanameza asubuhi, na ikifika alasiri wanaanza kutapatapa hadi wapate kidonge cha jioni. Wanadhani ugonjwa umezidi, wanaongeza dozi. Mara nyingi ile ni arosto ndogo ya kati ya kidonge na kidonge, kwa sababu dawa imeshapungua damuni.

Kushuka Kitonga

Dereva wa lori anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam anaujua mlima Kitonga. Hakuna anayeuteremka akiwa ameweka gari frii, na hakuna anayeruka nje ya gari ati amechoka na mteremko. Unaingiza gia ndogo, unashuka taratibu, unasikiliza injini, na pale pa kona kali unapunguza zaidi. Kuacha benzodiazepini ni hivyo.

Aliyetufundisha sana namna ya kushuka alikuwa daktari Mwingereza, Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya watu waliotaka kuacha dawa hizi mjini Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994. Jambo ninaloliheshimu kwake ni kwamba alikiri kuwa walimu wake walikuwa wagonjwa wenyewe: aliwaachia waamue mwendo, akaandika kilichowasaidia.

Kanuni inayotumiwa leo ni kupunguza kati ya asilimia 5 na 10 ya dozi uliyo nayo sasa, kisha kukaa hapo wiki mbili hadi nne kabla ya kupunguza tena. Angalia maneno "uliyo nayo sasa". Mtu wa miligramu 10 za diazepamu anaweza kuanza kwa kupunguza miligramu 1. Lakini akifika miligramu 5, kupunguza 1 kungekuwa asilimia 20, kwa hiyo hapo hatua inakuwa nusu miligramu. Ukipiga hesabu ya asilimia 10 kila wiki mbili, kufika nusu tu ya dozi ya mwanzo kunachukua zaidi ya miezi mitatu, na safari nzima inaweza kwenda mwaka na zaidi kwa mtu aliyetumia miaka mingi. Aliyetumia wiki chache anaweza kumaliza mapema sana. Wengi hukata tamaa wakisikia muda huo. Lakini kama umeimeza miaka sita, mwaka mmoja wa kushuka si mrefu.

Hesabu hii nimeieleza ili uelewe mwendo, si ili ujipangie peke yako mezani. Daktari ana mambo ya kupima: umri, ujauzito, ini, kama una kifafa, kama unatumia dawa nyingine. Wakati mwingine atakuhamisha kutoka alprazolamu au lorazepamu kwenda diazepamu kwanza, kwa sababu diazepamu inatoka mwilini taratibu na haileti mapandashuka ya alasiri. Hilo usilifanye mwenyewe kamwe. Nusu miligramu ya alprazolamu ni karibu sawa na miligramu 10 za diazepamu. Anayedhani namba ndogo kwenye boksi ni dawa ndogo anaweza kujidhuru vibaya.

Na kona kali iko chini, si juu. Hatua za kwanza huwa rahisi, zile za mwisho ndizo ngumu, kwa sababu za mwili na kwa sababu ya hofu ya kubaki bila kitu mfukoni. Ukiyumba, kaa ulipo wiki moja au tatu zaidi. Kukaa si kushindwa. Jaribu tu usipande tena juu, na usiwe na "kidonge cha siku mbaya" cha pembeni, maana kinaufanya ubongo usijue uko dozi gani.

Siku kwa siku

Kunywa dawa saa ile ile kila siku. Kuwa na daftari, andika dozi, saa za usingizi na siku ilivyokuwa, maneno matatu yanatosha. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakueleza ukweli ambao kichwa kilichochoka hakiwezi kuukumbuka.

Pombe iache kabisa. Inakamata kwenye breki ile ile, kwa hiyo ukiwa na dawa mwilini inaweza kukuzimisha pumzi, na ukiwa unashuka inakurudisha mlimani. Mirungi inafanya kinyume, inakanyaga mafuta, na mtu aliye kwenye arosto hana breki ya kuyashikilia. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyo hivyo. Kahawa na chai ya rangi nzito ya jioni zipunguze, taratibu pia, maana nazo zina arosto yake ndogo ya kichwa kuuma.

Usingizi utasumbua, na huo ndio utakaokushawishi zaidi. Amka saa ile ile hata kama ulilala kwa muda wa saa mbili tu. Usilale mchana kutwa. Hofu ikipanda, vuta pumzi puani taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika tano hivi; pumzi ndefu ya kutoka inautuliza moyo kweli. Kutembea kila asubuhi, hata hadi sokoni na kurudi, kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ukipata mshauri nasaha anayejua tiba ya mazungumzo kwa wasiwasi, mshike, kwa sababu dawa ilinyamazisha wasiwasi bila kukufundisha namna ya kuishi nao.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Anayetumia dawa mara mbili au tatu kwa siku akifunga, dozi zote zinasogea kati ya futari na daku, na mchana kutwa mwili unakaa bila kitu. Kwa dawa zinazotoka haraka hilo ni kama kuacha kila siku. Zungumza na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, si siku ya mwandamo. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, naye muulize mwanachuoni unayemwamini.

Wapo pia wanaoambiwa kwenye maombi watupe dawa ili kuonyesha wamepona. Naheshimu maombi, na najua watu wengi waliovuka miezi hii kwa kuombewa na kushikwa mkono. Lakini kwa dawa hizi, kutupa siku hiyo hiyo kunaweza kumwangusha mtu kifafa mbele ya waumini wenzake. Ombeni, na ratiba iendelee.

Mwambie mtu mmoja nyumbani. Mmoja anatosha, awe mume, dada au mtoto mkubwa. Mwonyeshe daftari. Yeye ndiye atakayeona unachanganya siku, au unasema na mtu asiyekuwepo. Akiona hayo, au ukianguka na kutetemeka mwili mzima, ukipata homa kali pamoja na kuchanganyikiwa, au ukianza kuwaza kujiua, hakuna kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Ni hospitali usiku huo huo, na boksi la dawa mkononi, na mwambieni daktari wa zamu ilikuwa dozi gani na iliachwa lini. Mjamzito naye asiache wala asiendelee kwa kujiamulia. Mtoto aliyeizoea dawa tumboni anaweza kuzaliwa na arosto, na wahudumu wanapaswa kujua mapema.

Kwa wazee nina wasiwasi wangu. Bibi anayesahau majina, anayeyumba, aliyevunja nyonga akienda msalani usiku, wajukuu husema ni uzee. Angalieni kwanza kwenye kikapu chake cha dawa. Mara nyingine uzee ule unapungua kadiri kidonge kinavyopungua.

Na yule mjane?

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema wazi kwamba wafiwa wasipewe benzodiazepini kwa ajili ya majonzi, na kwamba aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe kwa ajili ya kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza. Majonzi si ugonjwa wa breki. Dawa inayalaza, haiyamalizi. Ndiyo maana wanaopunguza baada ya msiba hushangaa kujikuta wanalia mwezi wa tisa kama walivyolia siku ya kwanza. Hawajarudi nyuma. Kilio kilikuwa kimelazwa, sasa kimeamka, na kinahitaji watu. Jirani atakayekuja kukaa naye mwezi huo wa tisa, wakati maturubai yalishasahauliwa, anamsaidia kuliko duka lote la dawa.

Kama umeshaacha ghafla na sasa unatetemeka, nenda hospitali leo. Huenda daktari akakurudishia dozi ili ushuke kwa utaratibu, na hilo si kurudi kwenye uraibu. Kama bado unameza, endelea kumeza kama ulivyokuwa hadi umwone daktari. Kwenye hospitali kubwa uliza kliniki ya afya ya akili. Beba boksi tupu, hata kama limechakaa. Beba daftari. Na kwa kuwa mlangoni maneno huwa yanapotea, yaandike mapema: "Daktari, nimetumia dawa hii tangu mwezi fulani, kiasi hiki kila usiku. Mwili wangu umeizoea. Nataka kuiacha taratibu. Naomba tupange hatua pamoja, nirudi lini, na nifanye nini nikizidiwa kabla ya siku hiyo." Akikujibu kwamba acha tu, ni vidonge vidogo, mwulize swali moja zaidi: nikianguka kifafa niende wapi? Kisha mtafute daktari wa pili.